Kona Iliyoachwa Wazi Valgrava

Ninyi vijana mnaobandika vigae kule Sandton, kabla sijaanza nawaomba jambo moja. Mkiingia benki yoyote ya zamani katikati ya mji, au mkipanda ngazi za ghorofa kuukuu hapa Troyeville, Johannesburg, tazameni chini. Simu itawasubiri. Mtaona sakafu yenye mawe madogo ya kila rangi yaliyolala ndani ya saruji kama maharage ndani ya wali, na ukiipapasa ni laini kama kikombe cha chai, ila ni baridi hata jua likiwaka. Hiyo ndiyo terazo. Nimeipigia magoti miaka ishirini na sita, na magoti yenyewe siku hizi yananisemesha kila nikipanda ngazi.

Wiki iliyopita mmoja wenu alinionyesha vigae vyenye picha ya terazo. Unabandika leo, mwenye nyumba anahamia kesho. Nilivigeuza, nikavigonga kwa kucha, nikavinusa hata. Ni picha ya sakafu iliyowekwa juu ya sakafu. Sivitukani, maana vinawalisha. Lakini mliniomba niwaeleze kazi yangu ilivyokuwa, na siwezi kuieleza bila kuwapeleka kwenye kijiji kidogo cha Italia kilicho kando ya mto. Nilikaa huko wiki tano tu, na huko ndiko nilikoharibu kazi vibaya kuliko mahali pengine popote.

Mimi ni mtu wa Tanga. Shule niliiacha darasa la sita. Watu hudhani palikuwa na shida nyumbani, hapana. Nilikuwa nikiona lori linapita barabarani nataka kujua linakwenda wapi. Basi nikajua. Moja lilikwenda Mombasa, jingine Lusaka, jingine Harare, na la mwisho likanishusha hapa Johannesburg nikiwa na shati moja na maswali mengi. Nimechoma mahindi, nimelinda kanisa, nimeuza soksi kwenye robot taa zikiwa nyekundu. Hakuna kazi niliyodumu nayo zaidi ya miezi minne. Nikishajua inavyofanyika, naondoka.

Halafu nikampata marehemu Bruno.

Alikuwa amepiga magoti kwenye veranda ya nyumba moja huko Bezuidenhout Valley, mzee wa Kizungu mwenye masikio makubwa, anasugua sakafu kwa jiwe jeusi na maji. Nilikuwa napita tu. Nikasimama getini.

"Baba, kwa nini unaosha sakafu kwa jiwe?"

Hakuinua kichwa. "Kwa nini unauliza mikono mitupu? Ndoo ile pale. Lete maji."

Nikaleta maji. Huo ndio usaili pekee niliowahi kufanyiwa, na sikuondoka tena mpaka alipostaafu.

Kesho yake alinimwagia rundo la mawe madogo, akaniambia nichague yaliyo mazuri. Nikachagua meupe na yanayometa, yale ya vumbi nikayatupa pembeni. Aliporudi aliokota moja kati ya niliyoyatupa, akalitemea mate, akalisugua kwenye suruali. Lilikuwa jekundu kama ini. Kisha akatemea moja ya mawe yangu meupe, likageuka rangi ya maji ya kuoshea vyombo.

"Ukichagua mke, mtazame anapoamka," akasema. "Ukichagua jiwe, litazame likiwa limelowa."

Hili la mawe liandikeni mahali, la mke mtajua wenyewe. Kusaga na kung'arisha kunalirudishia jiwe ile rangi ya kulowa, na inabaki hapo moja kwa moja. Kwa hiyo fundi wa terazo hachagui kitu kikiwa kikavu. Kuanzia siku ile nilikuwa naonekana njiani nikilamba kokoto, na wanawake wa spaza, kiduka cha pale kona, walikuwa wakiwavuta watoto wao kando.

Tulikuwa watatu kwenye kazi. Bruno, mimi, na Papa Kasongo wa Lubumbashi aliyekuwa akichanganya saruji na kuimba nyimbo za kwaya bila kupumzika. Bruno alitukaripia kwa lugha ya kwao, ambayo hata si Kiitaliano hasa. Ni Kifriuli, lugha ya Friuli, pembe ya kaskazini-mashariki ya Italia chini ya milima. Hivyo nikajifunza Kifriuli bila kukusudia, kwanza matusi, halafu mawe, halafu vyakula. Na kila tulipokaa kunywa chai alikuwa akikielezea kijiji chake, Valgrava, kwa namna ambayo baada ya mwaka mmoja ningeweza kwenda dukani kwao gizani.

Kijiji kiko ukingoni mwa mto Tagliamento. Msifikirie mto kama mnaoujua. Ni uwanja mpana wa mawe meupe, upana wa kutosha kutua ndege, na maji yanapita katikati kwa nyuzi nyuzi kama nywele zinazosukwa, leo huku, baada ya mvua kule. Kiangazi kuna mahali yanazama kabisa chini ya mawe, unavuka na soksi zako zikiwa kavu. Mashamba yao nayo yalizaa mawe kuliko ngano. Watu wa namna hiyo wafanye nini? Wakaamua kuishi kwa mawe. Toka zamani sana wanaume wa vijiji vile walikuwa wakienda mbali kutengeneza sakafu za majumba ya watu, Venisi kwanza, halafu kila palipokuwa na tajiri anayetaka kukanyaga kitu kizuri. Wanawake walibaki na ng'ombe, watoto na kengele ya kanisa. Bruno mwenyewe alifika Johannesburg akiwa na miaka kumi na tisa, wakati mji huu unajenga maghorofa kama unafukuzwa.

Sasa sikilizeni desturi yao.

Valgrava, kijana aliyekuwa anaondoka kwenda mbali alikuwa kwanza anatengeneza sakafu ya jikoni kwao, pamoja na baba yake. Sakafu nzima, isipokuwa kona moja karibu na meko. Hapo anaacha mraba mtupu, upana wa kofia, udongo unaonekana. Ataujaza mwenyewe, kwa mkono wake, siku atakayorudi moja kwa moja. Mama yake anafagia akiuzunguka. Akifia ugenini, wanaume wa kijiji wanakuja na karai la saruji tupu, wanaujaza, wananyoosha kwa mwiko, wanavua kofia na kwenda zao. Hakuna jiwe hata moja humo. Ukiingia jikoni kwa mtu na ukaona mraba wa kijivu, huulizi.

Mara ya kwanza Bruno alipotueleza hayo, Kasongo aliacha kuimba.

"Kwetu mwanaume akienda mbali anaacha bibi na koti," akasema. "Bale banaacha shimo!"

"Na la kwako, Mzee?" nikauliza.

"Lipo," akasema Bruno. "Dada yangu Ines analizunguka."

Alikuwa ameshakwenda nyumbani mara moja, kumzika mama yake, akakaa wiki tatu. Nikamuuliza kwa nini hakuujaza wakati ule. Aliniangalia kama niliyelamba jiwe lililotoka chooni. "Ukijaza halafu ukaondoka, umeidanganya sakafu," akasema. Mazungumzo yakaishia hapo.

Miaka ikapita. Mashine za kusagia zikawa kubwa, kazi zikawa ndogo, Bruno akastaafu na mimi nikabaki na vibarua vya kuziba nyufa. Kisha siku moja mwezi wa Novemba Kasongo akanipigia. "Mzee Bruno anakuita. Mapafu yamechoka. Kuja mbio."

Nilimkuta kitandani Bezuidenhout Valley, masikio yale yale, mwili nusu. Macho yalikuwa yameshafunikwa na ukungu. Alitoa soksi ya sufu chini ya mto, nzito, imefungwa fundo.

"Tanga," akasema, siku zote aliniita hivyo. "Mimi sirudi tena. Daktari hana haja ya kunificha. Lakini sitaki ile saruji ya kijivu. Nenda ukaujaze ningali hai. Nikitangulia, watakuja na karai lao, na Ines atawafungulia mlango kwa sababu ndiyo desturi."

"Desturi inasema mkono wako, Mzee."

"Mkono wako huo niliununua kwa kelele za miaka mingapi?"

Ndani ya soksi kulikuwa na mawe. Jiwe moja kutoka kila sakafu kubwa aliyoitengeneza mji huu. Alikuwa akiiba moja moja, na sisi hatukuwahi kumwona.

Kule nilikoombea viza waliniuliza madhumuni ya safari. Nikajibu kumalizia kona ya jikoni. Yule dada alinitazama, akatazama barua ya Bruno iliyosema vile vile, akacheka, akagonga muhuri. Uwanja wa ndege ilikuwa ngumu zaidi. Mlinzi alifungua soksi.

"Nini hiki?"

"Mawe."

"Ya thamani?"

"Ya sakafu."

"Italia hawana mawe?"

Kasongo, aliyenisindikiza, alikuwa anazungumza kwa nguvu nyuma ya kamba. "Nilikuambia! Weye unaenda ku Ulaya na majiwe mu soksi, banakufunga!" Mlinzi akaita mwenzake, wakayageuza geuza, mwisho akanirudishia na kusema, "Sharp, baba. Safari njema na kokoto zako."

Valgrava mwishoni mwa Desemba ni baridi ambayo sijui niilinganishe na nini. Fikirieni Julai ya hapa Jozi, halafu ilale ndani ya maji. Lakini niliona kila kitu mahali Bruno alipokuwa amekiweka. Mnara wa kengele uliosimama mbali kidogo na kanisa, uliodondoka kwenye tetemeko kubwa la miaka ya sabini. Wanakijiji waliyapa mawe yake namba kwa rangi na kuyapanga tena moja moja, na ukisogea bado unaona namba kadhaa. Pete ya chuma kwenye mwamba, palipokuwa pakifungwa kamba ya kivuko kabla ya daraja. Sehemu ya kufulia ya kijiji, mabirika ya mawe ambayo kingo zake zimelainishwa na viwiko vya wanawake mpaka zimebonyea. Nilipiga goti nikazipapasa, nikawaza kwamba ule nao ni usagaji. Mkienda msiwe na haraka. Watalii wachache wanaofika hupiga picha mto na mnara, wanakunywa divai, wanaondoka. Vitu vya kutazama viko jikoni.

Watu wa kule wakikutana husema "mandi", na wakiachana husema "mandi" hiyo hiyo. Mimi niliisema kwa kila mtu, pamoja na mbuzi.

Ines alifungua mlango. Mwanamke mfupi, zaidi ya miaka sabini, masikio ya Bruno, miguuni viatu vya kitambaa ambavyo wanawake wa huko hushona wenyewe, nyayo zikiwa za matambara yaliyopangwa tabaka kwa tabaka. Nilimsalimu kwa Kifriuli nilichofundishwa. Akashika mdomo. Kumbe nilikuwa nimemsalimu kama fundi mlevi anavyomsalimu fundi mwenzake, na kwa lafudhi ya babu zake.

"Unaongea kama baba yangu alipojigonga nyundo," akasema, akaniingiza ndani.

Alinipa ugali. Ndiyo, ugali, wa njano, wao huuita polenta, pamoja na jibini iliyokaangwa na viazi mpaka inakauka pembeni kama ukoko. Nikala kama mtu aliyefika kwa shangazi. Na muda wote huo nilikuwa naiona kona. Tetemeko lilikuwa limeangusha ghorofa ya juu ya nyumba ile, lakini sakafu ya jikoni haikupata ufa. Mawe ya mto ya kijani, meusi, ya waridi, yamelala kama jana. Na karibu na meko, mraba wa udongo mweusi.

Nikaeleza nilichotumwa. Ines akaweka kijiko.

"Hajarudi," akasema. "Mama alifagia hapa mpaka mgongo ukapinda. Mimi nimefagia baada yake. Hatukuzunguka miaka yote hii ili aje mtu wa barua."

Nikafungua soksi, nikamwaga mawe mezani, nikaanza kumtajia, maana mengi niliyafahamu kwa sura. Hili ni la ngazi za benki, tulizirudia mwaka ule wa mvua nyingi. Hili la hospitali, wodi ya kina mama. Hili la nyumba ya bwawa la kuogelea ya tajiri mmoja wa Sandton aliyetaka sakafu yenye jina la mbwa wake. Hili la chuo pale Braamfontein, wanafunzi walikanyaga saruji mbichi na Bruno akawafukuza na mwiko.

Ines aliinuka, akaleta bakuli la maji, akayatumbukiza moja moja. Sikumwambia afanye hivyo. Binti wa fundi hahitaji kuambiwa. Mawe yakafungua rangi. Akakaa akiyatazama mpaka ugali wa njano ukaganda kwenye sufuria.

"Haya," akasema mwishoni. "Lakini fanya vizuri."

Nikafanya vibaya.

Nilishuka mtoni kuchukua mawe ya hapo, nikayachanganya na ya Bruno, nikamimina, nikashindilia, nikakunja mikono. Ujuzi wangu wote ni wa Johannesburg. Hapa tuko juu, hewa kavu, jua kali. Saruji ya Jumatatu unaisaga Alhamisi na haikulalamikii. Kule ni ukungu wa mto na baridi inayopanda kutoka chini, saruji inachelewa kukomaa, na Ines alikuwa akizima meko akipanda kulala ili kubana kuni. Siku ya tatu majirani sita walikuja kutazama, maana habari ilikuwa imeenea. Nikapiga magoti kwa madaha, nikamwaga maji, nikaanza kusugua. Mara ya tano jiwe moja likang'oka. La ngazi za benki. Halafu la pili. Nikadhani nikibonyeza zaidi yatakaa. Ndiyo akili ya mtu anayetazamwa. Katika dakika chache kona ya Bruno ilikuwa kama mdomo wa mzee asiye na meno.

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa nafuu wangecheka. Jirani mmoja, mtu mpole kabisa, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mfuko wa saruji anao ghalani, kama itahitajika. Ines alifungua dirisha, akatazama nje.

Usifiche kosa la saruji, wanangu, kwa sababu saruji haifichi. Nilimpigia Bruno. Kasongo ndiye aliyepokea, alikuwa akishinda naye siku zote, akamwekea simu sikioni. Nikaeleza. Nikasikia pumzi inakwaruza, nikaogopa, kumbe anacheka.

"Ulisaga siku ya ngapi?"

"Ya tatu, Mzee."

"Siku ya tatu! Januari! Kando ya Tagliamento!" Akakohoa mpaka Kasongo akamnywesha maji. "Pumbavu. Kosa ni langu. Nilikufundisha saruji, sikukufundisha baridi. Bandua yote. Okota mawe yangu. Anza upya, na moto usizimwe."

"Mzee, itachukua siku nyingi." Sikuweza kusema lililobaki. Yeye akalisema.

"Kila siku weka simu chini, sugua kidogo pembeni, nisikilize. Macho sina, masikio ninayo. Nitakuambia ikiwa tayari. Nikinyamaza, utajua pia."

Nilibandua kwa msumari. Mawe ya soksi niliyapata yote isipokuwa lile la wodi ya kina mama. Ines ndiye aliyeliona, limekwama kwenye matambara ya nyayo ya kiatu chake. Alilichomoa kwa sindano, akaliosha, akaniwekea kiganjani. Nikamimina upya, nikafunika kwa magunia mabichi, na yeye akashusha godoro lake likae jikoni ili moto usizimike.

Hapo ndipo nilipoijua kazi hii ilivyo, nikiwa nimeshaifanya zaidi ya miaka ishirini. Nusu yake ni kusubiri, na hiyo nusu ndiyo isiyoonekana kwenye picha. Mimi ambaye sikuwahi kusubiri hata lori lisimame vizuri.

Kila asubuhi niliinua gunia. Terazo kabla ya kusagwa haina rangi. Uji wa saruji umepanda juu na kufunika kila kitu. "Sasa imefanana na za wengine," alisema Ines siku ya kwanza, na ilikuwa kweli, ilikuwa mraba wa kijivu tu. Naweka simu chini. Nasugua mara tatu pembeni.

"Bado," anasema Bruno. "Inakohoa kama mimi."

Siku ya tatu, bado. Siku ya nne walikuwa na sherehe yao ya Epifania, wanarundika matawi na mabua mpaka yanapita paa, wanawasha jioni, halafu wote wanatazama juu, kwa sababu moshi ukielekea mashariki mwaka utakuwa mwema nyumbani, na ukielekea magharibi ni mwaka wa kufunga mzigo na kwenda duniani. Wanakunywa divai ya moto yenye mdalasini. Moshi ule ulipanda wima, ukasita, ukaenda magharibi moja kwa moja. Wote wakanigeukia. "Si mimi," nikasema, "mimi nimeshafika!" Wakacheka hatimaye, hata yule mwenye mfuko wa saruji, akanijazia kikombe.

Siku ya sita, bado, na sauti ya Bruno ilikuwa imekwenda mbali. Siku ya saba Kasongo peke yake ndiye aliyeongea. "Mzee amelala. Leo hakunywa hata chai. Weka tu simu, mi nitamwekea ku sikio." Nikasugua. Tukasubiri. Ines alikuwa amesimama na ufagio. Baada ya muda mrefu Kasongo akasema, "Ametikisa kichwa. Ni bado."

Ningeweza kusaga siku ile. Mikono ilikuwa inawasha. Ines alinitazama, nami nikafunika gunia.

Siku ya tisa nikasugua mara tatu, na kabla sijainua mkono hata mimi nikasikia. Mkwaruzo ulikuwa umekwisha. Sauti ilikuwa nyembamba, ndefu, safi, kama mtu anapitisha kidole chenye maji kwenye mdomo wa glasi.

"Hiyo," akasema Bruno. Ni yeye mwenyewe. "Hiyo inaimba. Saga."

Nikasaga. Uji wa kijivu ukaanza kutoka, na chini yake likatokea jiwe la kijani la mto, halafu jekundu la benki, halafu jingine. Simu ilikuwa chini, kando ya goti langu.

"Unaegemea kulia," ikasema simu. "Siku zote unaegemea kulia! Nitakuambia mara ngapi? Kushoto. Maji. Maji zaidi, unakausha. Eh! Polepole pembeni, usiguse kazi ya baba."

Ines alikuwa amekaa kwenye kigoda. Akaanza kutikisika mabega. Nilifikiri analia.

"Yupo," akasema, anajifuta macho kwa aproni. "Huyu yupo hapa jikoni. Hivi hivi ndivyo Bruno alivyokuwa akimkaripia baba."

Siku mbili zilizofuata nilijaza vitundu, nikasaga kwa jiwe laini, nikapaka mafuta ya kitani. Sasa ukiwa mlangoni hukuweza kusema kona ni ipi, labda ukijua, maana mawe ya Johannesburg yana wekundu ambao mto ule hauna. Tukampigia. Majirani walikuwa wamejaa. Ines akachukua sufuria mezani kupeleka kwenye meko, na alipofika pale miguu yake ikapinda yenyewe, ikauzunguka mraba.

"Amepita juu yake?" akauliza Bruno. Pumzi zake nilikuwa nazihesabu.

"Bado anauzunguka, Mzee."

"Mwambie avuke."

Ines aliweka sufuria chini. Akavua kiatu kimoja cha kitambaa, halafu soksi, akashika bega langu kwa mkono mmoja, akashusha mguu mtupu taratibu mpaka kisigino kikagusa. Akaacha hapo. Akasema neno moja.

"Anasema nini?" Sauti ya Bruno ilikuwa ndogo sana.

"Anasema ni baridi."

Kwenye simu nikamsikia Kasongo. "Mzee anacheka. Ngoja. Anasema: kama ni baridi, basi ni sakafu."